Kaseti ya Mama

Juzi mwanangu alijisifia mashine yake mpya ya gemu: "Mama, hii inapiga mpaka muziki, na sinema inaonyesha!"

Nilikumbuka duka moja la Mwanza, enzi za utoto wangu, lenye harufu ya ubani na maboksi mapya, ambako muuzaji aliwaambia wateja maneno hayohayo kuhusu mashine ya gemu ya siku hizo. Redio yetu ilikuwa imekufa, kwa hiyo nilimpelekea kaseti ambayo marehemu mama aliirekodia salamu za kumtumia bibi kule Kamanga.

"Shikamoo. Naomba unipigie hii."

Aliigeuza mashine pande zote, taratibu. "Marahaba. Hii inapiga sidii tu, binti yangu."

Nilidhani ananinyima.

Mwanangu alipotoka, nami niliigeuza yake pande zote, nikitafuta pa kuingizia kaseti.