Mikorosho Isiyoguswa

Binti yangu alipoteza mwaka mzima chuoni, na waliompotezea nawajua wote. Majina siandiki, maana tunaishi pamoja, na mmoja wao sikukuu tunakula naye sahani moja, ila wakisoma watajijua. Mimi niliishia darasa la saba. Mambo ya chuo kikuu siyajui. Ninachokijua ni mikorosho, na haya yalitokea kwenye mikorosho yangu mwenyewe, huku Mkunya.

Binti alikuwa mwaka wa mwisho, anasomea kilimo na mimea. Ili amalize ilibidi afanye utafiti wake, na akachagua ugonjwa wa ubwiri unga. Nilicheka. Kila mkulima wa Newala anaujua ule weupe unaoshuka kwenye maua ya mkorosho kama mtu kakung'uta kinu juu yake, kisha maua yanakauka na wewe unabaki kuokota majani.

"Umekwenda kote huko, mwanangu, ukarudi kusoma ubwiri? Si ungebaki tu hapa."

"Kuuona tunauona, baba. Mimi nataka kujua tuanze kupuliza lini."

Akachagua mistari ya mikorosho nyuma ya nyumba. Mingine tuipulize salfa, ile dawa ya unga wa njano, mapema maua yanapochungulia. Mingine tuicheleweshe. Na michache, kule pembeni kwenye njia, isipate chochote kabisa. Hapo ndipo nikaacha kucheka.

"Isipulizwe?"

"Isiguswe kabisa. Hiyo ndiyo ya kulinganishia. Bila hiyo nitajuaje kama salfa imesaidia?"

"Hata mbuzi ukimuuliza atakwambia imesaidia."

"Mbuzi hatoi vyeti, baba."

Akaifunga ile ya pembeni utepe mwekundu wa kitambaa, kila mti na wake. Akatafuta kipande cha bati, akaandika kwa rangi: MITI HII ISIGUSWE. Akakitundika upande wa njia.

Mkosaji wa kwanza ni bwana shamba wetu. Alikuja na pikipiki yake, akatazama, akasifu. Binti akamwomba awaeleze wanakijiji maana ya vile vitambaa. "Hilo niachie mimi," akasema, akaondoka na ming'oko ya kuchemsha, viazi vyetu vya porini, aliyofungiwa na mke wangu. Siku ya mkutano wa kijiji akazungumzia vyoo, akazungumzia mbegu, akawasha pikipiki. Kuhusu vitambaa hakutamka neno.

Na huku kwetu kitambaa chekundu mtini, chenye onyo la usiguse, kila mtu anajua ni kitu gani. Ni kinga ya wezi. Ukichuma, tumbo linavimba. Wanawake waliozoea kukatiza pale kwenda kuchota maji wakaanza kuzunguka. Jirani yangu Mmakua, mtani wangu wa siku zote, aliniuliza mbele ya watu, "Mmakonde, siku hizi umeacha salfa unatumia mganga? Anauza kwa mfuko au kwa kilo?" Nikaeleza kwamba ni masomo ya mtoto. Watu wakacheka zaidi. Masomo gani yanafunga tambara jekundu?

Binti akarudi chuoni kufanya mitihani. Hazikupita siku nyingi ngiri ikanibana, nikabebwa hadi hospitali ya Ndanda, nikapasuliwa. Nilipona, ingawa kuna wakati nilishaanza kuagana na mke wangu aliyekuwa ananiuguza. Nyumba na shamba tukamwachia kaka yake, shemeji yangu, mzee wa kanisa.

Niliporudi, nikishuka garini nimeshika tumbo, niliona toka barabarani. Tepe hazipo. Ile miti ya pembeni ilikuwa na vumbi la njano juu hadi chini, kama mingine yote. Bati limeziba tundu kwenye banda la kuku.

"Pole na kisu, shemeji," akanipokea.

"Nimeshapoa. Ile miti ya pembeni nani kaipuliza?"

"Mimi. Nimeimaliza yote. Yale matambara nimeyachoma na sala nimesali. Shemeji, ukiwa na shida niambie. Uganga kwenye shamba la dada yangu, na mimi Jumapili nashika sahani ya sadaka?"

"Ule ulikuwa utafiti wa mtoto."

"Mtoto si ni wangu? Ndiyo maana nimepuliza. Angekuja akute mikorosho ya baba yake imetelekezwa kama ya marehemu?"

Huku kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Baba unalisha tu.

Binti alipofika alipita mti kwa mti pale pembeni. Kisha akaenda kumwamkia. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, bibi shamba wangu. Umeiona kazi?"

"Nimeiona, mjomba. Ahsante." Ile ahsante iliniuma kuliko mshono.

Mkosaji mwingine ni mwalimu msimamizi wake. Aliahidi kuja kulikagua shamba, hakuja. Binti akampigia, simu ikiwa kwenye spika. "Takwimu unazo?" akauliza. Binti akamweleza kwamba ile miti imeshapulizwa, hakuna cha kulinganishia. "Wenzako wameshaleta. Tafuta namna," akasema, akakata.

Mimi nikamwambia, "Andika tu. Mkorosho usiopulizwa unavyokuwa nitakusimulia mimi. Nauona tangu nanyonya."

"Ulichoona wewe, mimi sijakihesabu, baba."

Basi wenzake wakavaa majoho, yeye akayatazama kwenye simu, amekaa jikoni anamenya muhogo. Ubwiri hauji ukiitwa, una msimu wake. Ikabidi angoje maua ya mwaka mwingine.

Yalipotoka, hatukufunga kitambaa wala kuandika bati. Nilichukua kigoda changu nikakiweka pembeni ya njia, nikawa mimi ndiye bati. Shemeji akapita na mashine mgongoni.

"Nikupulizie hata mmoja tu?"

"Pita, shemeji."

"Roho inaniuma."

"Hata yangu inauma. Pita."

Maisha yangu yote nimepigana na ubwiri. Mwaka ule nilikaa nauangalia ukiingia, shada kwa shada, kwenye mikorosho niliyoipanda kwa mkono wangu. Asubuhi moja binti akainamisha tawi, akapitisha kidole kwenye maua, kikatoka cheupe. Uso wake ukachangamka kama zamani.

"Baba, ubwiri umekubali."

Mfuko wa salfa ulikuwa chumbani, haujafunguliwa. Toka pale kwenye kigoda hadi mlangoni si mbali.

"Hesabu basi," nikamwambia, "kabla sijainuka."