Anayeita Moduli kwa Majina

Saa moja asubuhi, Mama Orodha anavua viatu mlangoni mwa chumba cha seva, ukuta mmoja na maabara ya hospitali, na kufungua daftari la jalada la bluu. Ana dakika ishirini. Zikiisha, zahanati kumi na nne zitaanza kutafuta majibu ya wagonjwa mtandaoni kupitia seva hii, kompyuta kuu ya hospitali.

Leo anaongeza moduli, yaani kiungo cha ziada kinachoipa seva uwezo mpya. Hii itapunguza uzito wa picha za eksirei ili zifunguke hata kwenye simu ya bei rahisi. Shida ni kwamba kila ukiongeza moduli, seva hii hujengwa upya, na isiyotajwa kwenye amri ya ujenzi huachwa nje.

Mama huyu wa miaka arobaini na minane analijua hilo kwa machungu. Mwaka jana alisahau kutaja moduli ya nenosiri. Kwa saa tatu nzima, siri za wagonjwa zilikuwa wazi kwa kila mwenye macho.

"Nililia kama mtoto," anasema. "Mkurugenzi akaniambia, 'Ukirudia, kazi naipa kampuni ya nje.' Nikajua kitumbua changu kimeingia mchanga."

Tangu siku hiyo huziita moduli zote kwa sauti kutoka kwenye daftari hilo la bluu, na wenzake wakampachika jina la Mama Orodha. Hajali. Kabla ya kusomea kompyuta alifundisha darasa la pili miaka kumi na mmoja, na kuita majina kumemkaa kooni.

Fundi mwenzake, mtu wa pupa tangu kuzaliwa, ndiye aliyeandika amri ya leo. Anatazama saa.

"Dada, tumechelewa! Tujenge tu."

"Mwenda pole hajikwai, kaka. Mimi naita, wewe itika."

"Haya."

"Usimbaji, ile ya kuficha taarifa zikiwa njiani?"

"Ipo."

"Picha?"

"Ipo."

"Nenosiri?"

Fundi anakikodolea macho kioo cha kompyuta, anaisoma amri mara ya pili.

"Haimo, dada. Niliandika kwa kukumbuka."

Mama Orodha hamkaripii. Anaiandika mwenyewe, anajenga, anawasha. Kisha anajaribu kuingia bila nenosiri, na seva inamkatalia.

"Nimefukuzwa kwenye seva yangu mwenyewe!" anapiga kelele, na vigelegele vyake vinasikika hadi maabara.

Zimebaki dakika mbili simu inapolia. Ni muuguzi wa zahanati ya mbali, aliyewahi kazini. "Mama, picha imefunguka! Mfupa uliovunjika nauona kabisa!"

Mkurugenzi, aliyevutwa na kelele, anasimuliwa kisa chote na fundi mwenyewe. Anamshika mama mkono. "Ile kampuni naiandikia leo. Waambiwe hatuwahitaji."

Mama Orodha anacheka huku akifuta machozi. Ameomba chumba mwezi ujao awafundishe makarani watatu wa zahanati kazi hii, akianza na kosa lake la mwaka jana.

"Mwaka mzima nimeogopa kunyang'anywa kazi hii," anasema. "Sasa nataka kuigawa. Siku nikiugua, mgonjwa niwe mimi peke yangu, seva iendelee."