Steringi wa Sehemu ya Pili

Mzee niliyekuwa nikimtunza mjini Grand Prairie alipenda kanda moja tu: filamu ya makauboi ya Waitaliano, sehemu ya pili. Ya kwanza hakuitaka kabisa. Humo, alisema, steringi, yaani mwigizaji mkuu, alikuwa bado anajipendekeza kwa kamera. Kwenye ya pili amezeeka na hana haja. Mzee alikuwa amefuga ng'ombe Texas maisha yake yote, na kila alasiri alilalamika kwamba milima ile si ya kwao na farasi wametandikwa ovyo. Kisha ananiambia niirudishe mwanzo.

Nilikuwa mgeni Marekani. Wazee wengine wawili wa nyumba ile ya kutunzia wazee walilala mchana kutwa, na zamu ilikuwa yangu peke yangu. Nikitoka hapo, narudi kwenye chumba ambamo sikuwa na wa kumwambia hata habari za jioni.

Steringi wa filamu ile alikuwa mtu wa kuchechemea, mwenye nyumbu mmoja na maneno machache. Midomo ilicheza kwanza, Kiingereza kikafuata baadaye, maana hata sauti haikuwa yake. Utotoni Nakuru, kwenye ukumbi wa video wa mtaani, mimi ndiye niliyewafasiria wenzangu, na sikuwahi kukosa la kumtia steringi mdomoni. Basi siku moja nikazima sauti ya televisheni, nikaanza kumsemea kwa Kiswahili.

"Nyinyi mbwa," steringi akawaambia majambazi, "huo ndio ugali wenu wa mwisho."

Mzee alinigeukia. Nilidhani atanifukuza, kumbe anacheka mpaka nikamshika mgongo. Tangu hapo hakutaka tena Kiingereza. Hakuelewa neno hata moja, lakini nikinyamaza alinigonga goti kwa kidole. Nikaishiwa na ya filamu, nikaingiza yangu. Steringi akalalamikia baridi ya chumba, akamsema vibaya mwenye nyumba, akaulizia hali ya mama yake aliyemwacha akiumwa.

Kisha binti wa mzee akaja kumhamishia kwake Houston. Akachukua nguo, dawa na kanda. Mzee aliingia garini bila kuniangalia. Iliniuma sana, nikajichukia kwa kuumia, maana kazi ni kazi.

Wiki kadhaa baadaye, binti alipiga simu pale kazini. Aliuliza kama tulibaki na kanda nyingine, kwa sababu kila akiiweka hii baba yake anasema siyo, anageukia ukutani. Nilimjibu kwamba hakukuwa na nyingine.

"Anasema kwenye ile yake," akaniambia, "mwenye nyumbu huongea naye."

Nikamweleza kwamba kanda ni hiyo hiyo. Aliyekuwa akiongea ni mimi. Kisha akasema baba amelala, akanishukuru, akakata.

Nilikaa jikoni nikalia waziwazi. Katika Texas yote ile palikuwa na mtu mmoja aliyekuwa akinitafuta, naye hata jina langu hakulijua.