Mkono Huu Haufungwi Mara Mbili

Mwalimu aliitoa brashi kwenye mkono wangu wa kushoto, taratibu kabisa, akaiweka kwenye wa kulia. Akasema Kijapani huandikwa kwa mkono wa kulia, ndiyo desturi. Nikajaribu, herufi ikatoka kama kuku kakanyaga wino. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka.

Darasa lenyewe ni la Jumamosi asubuhi, hapa Blacktown, ugenini ninakoishi. Wenzangu kanisani walinicheka: Kijapani cha nini, na kazi yako ni kuogesha wazee kwenye makao yao kule Westmead? Nikawajibu, nakitaka. Sababu nyingine sina, wala siitafuti.

Wiki ile tulikuwa na herufi 生, uhai. Mistari mitano tu, lakini ina majina mengi kama mtoto aliyelelewa na mashangazi: pengine sei, pengine shō, ikisimama peke yake ni nama, yaani kibichi. Jinsei ni maisha. Gakusei, mwanafunzi. Sensei, mwalimu, ni aliyetangulia kuzaliwa. Mwalimu wetu ni mdogo kuliko kifungua mimba wangu, basi nikacheka kimoyomoyo.

Kule kambi ya wakimbizi Tanzania, nikiwa darasa la pili, mwalimu mwingine aliufunga huu mkono mgongoni kwa kitambaa mpaka kengele ya kutoka. Mkono wa chooni, alisema. Nilichojifunza ni kutoroka, na darasa la nne nikaacha shule kabisa. Linaniuma mpaka leo, na sioni haya kulisema.

Huyu wa Blacktown akatangaza kwamba Jumamosi ijayo kila mmoja ataandika mbele yake, na atakayeshindwa haendi daraja la pili. Wiki nzima nilifanya mazoezi mezani jikoni, kwa kushoto. Wajapani wakiandika kwa desturi yao huanzia juu kushuka chini, safu ya kwanza upande wa kulia, kisha wanaelekea kushoto. Kiganja changu kikawa kinalala kwenye karatasi safi. Wanaotumia mkono wa kulia ndio wanaojipaka wino. Desturi gani hiyo, basi?

Jumamosi nikakaa, brashi kushoto. Akanyoosha mkono kuichukua. Nikaishikilia.

"Mwalimu, mkono huu haufungwi mara mbili."

Hakuelewa. Nikaandika safu nzima huku amesimama. Akaitazama karatasi, akauliza nani alinifundisha kushika brashi hivyo.

"Hakuna," nikasema. "Shuleni walinifundisha kuuacha mkono huu."

Akaleta orodha ya daraja la pili nijiandikishe mwenyewe. Kalamu akaniwekea upande wa kushoto.