Machozi ya Msibani

Jumamosi nilikuwa saluni hapa Tunduma, tukibishana nani atachukua tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Msusi hakuwa na shaka. "Yule aliyelia msibani kwenye filamu hapati. Yale machozi ni ya kitunguu."

Mama aliyekuwa akisukwa akamshika mkono.

"Mwanangu, filamu ile waliirekodi shambani kwetu Hasamba. Wiki hiyo alikuwa amemzika mama yake. Walizima kamera, yeye akaendelea kulia. Nilimkalisha jikoni kwangu mpaka akatulia."

Msusi akarudi kusuka, taratibu kuliko mwanzo.

Majaji watampa wanayemtaka. Mimi nimeshabadili utabiri wangu. Msusi naye kabadili wake, ingawa sasa anawaambia wateja kwamba tangu mwanzo alijua machozi yale ni ya kweli.