Siku Tatu Kutoka Doha

Kalekye wa Ekalakala hamwogopi mtu, awe chifu, awe padri. Amelima mawe miaka thelathini, akauza maembe mpaka miguu ikavimba, akamsomesha Muthoka, kifungua mimba wake, hadi akapata kazi ya hoteli huko Doha. Ole wako umseme Muthoka mbele yake! Utatolewa maneno mpaka ushike njia.

Mwaka jana mumewe, Erastus, alifariki. Katika ukoo wao, mchanga wa kwanza kaburini humwagwa na mtoto wa kwanza, kwa hivyo Erastus alilala mochari siku tisa akimngoja mwanawe. Siku ya kumi Muthoka akapiga simu, analia.

"Mama, wamenipa ruhusa ya siku tano tu. Kuja ni siku tatu angani, kurudi tatu. Nitafikaje?"

Kalekye hajapanda ndege maishani. Alipiga hesabu zake: basi la Mombasa tu ni usiku mzima, sembuse Uarabuni! Akamwomba shemeji yake, Ndolo, amwage mchanga yeye. Ndolo alitaka kuuliza jambo, akakatwa kauli palepale mbele ya waombolezaji.

"Wewe ndege umepanda lini?"

Ndolo akachukua koleo.

Juzi Nduku alirudi likizo. Ni binti wa Mbithe, jirani ya Kalekye, na anafanya kazi Doha hukohuko. Aliwakuta kina mama uani kwa Kalekye wakiambua mbaazi.

"Pole na safari, mwanangu," Kalekye akamwambia. "Siku tatu angani si mchezo."

Nduku akaangua kicheko. "Siku tatu? Mama Muthoka, hiyo ni ndege ama ni punda? Jana nimekunywa chai Doha saa mbili asubuhi, saa nane nimeshashuka Nairobi. Ni masaa matano na kitu!"

Hakuna aliyecheka naye. Kalekye akamtazama Mbithe, na Mbithe akainamia mbaazi zake.

"Mlijua?"

"Tulijua, dada," Mbithe akasema polepole. "Hata Ndolo alijua. Tulikuonea huruma."

Jamani, huruma! Mwaka mzima anawaambia watu kanisani na sokoni jinsi Doha ilivyo mbali, nao wanaitikia kwa vichwa. Uso ulimwaka kwa aibu. Akachukua simu palepale.

"Muthoka, kutoka huko mpaka hapa ni masaa mangapi?"

"Mama, nani amekwambia..."

"Nimeuliza masaa!"

Muthoka akashusha pumzi.

"Ni matano. Lakini mama, ningekuja kufanya nini? Baba si alikuwa ameshakufa?"

Kalekye alitaka kumtukana, matusi hayakuja. Yalikuja machozi, na hakuyaficha.

"Sawa," akasema. "Basi nikifa mimi, nitawaambia wasikupigie."