Vitu Vitano Hadi Sokoni

Maharage yaliniungulia mara tatu mwezi ule. Mara ya tatu moshi ulifika barabarani, na mpita njia akagonga geti kuuliza kama kuna mtu ndani. Nilipomsimulia binti yangu kwa simu alisema kama kumbukumbu zimeanza kuniondoka, nifunge nyumba ya Kahororo, hapa Bukoba, nihamie kwake Mwanza. Nyumba hiyo niliijenga na mama yake, ambaye sasa ana miaka miwili kaburini. Kikombe chake bado kipo kabatini. Sikutaka kuondoka. Tukakubaliana nikaonane kwanza na mwanasaikolojia hospitalini, na atakalosema ndilo tulifuate.

Alikuwa mdogo kuliko binti yangu, anaongea polepole. Alinieleza kwamba kitu unachokisikia sasa hivi hukaa mahali padogo sana akilini, panapobeba vitu vichache kwa sekunde chache. Ukivirudiarudia vinabaki. Ukiacha kuvirudia vinafifia, na kikiingia kipya kinavisukuma nje. Mtu anakutajia namba ya simu huna kalamu, unaitamka kimoyomoyo. Mwingine anakuuliza saa ngapi, na namba imekwenda. Huo si ugonjwa, alisema, ndivyo kila mtu alivyo. Yeye alitaka kujua kumbukumbu yangu inaondoka upesi kiasi gani.

Alinipima palepale kwa maneno na tarakimu, halafu akanipa kazi ya wiki mbili. Kila siku niandike vitu vitano, karatasi niiache mezani, niende kwa miguu kuvinunua. Nikirudi nilinganishe.

Wiki ya kwanza nilitembea kutoka Kahororo hadi sokoni Bukoba nikitamka chumvi, vitunguu, dagaa, kiberiti, sabuni. Nilipita mageti yaliyofungwa. Bodaboda zilinipita, waenda kwa miguu walikuwa na simu masikioni. Sokoni nilinyoosha kidole, nikafungiwa, nikaondoka. Daftari langu linaonyesha vitano siku zote saba, na nikiri nilianza kujisifu.

Wiki ya pili nilikwenda Kamachumu, wilayani Muleba, kumsalimia kaka yangu, nikaendelea na zoezi huko. Shemeji ndiye aliyenitajia vitu: chumvi, mafuta ya kula, sindano, majani ya chai, betri za redio. Kutoka kibanjani kwao, nyumba iliyo katikati ya migomba, hadi madukani hakufiki hata nusu ya mwendo wangu wa Bukoba. Lakini kule humpiti mtu. Unasimama, unaulizwa ulivyolala, unauliza watoto, ng'ombe, migomba, naye anakuuliza vilevile. Mama mmoja aliyekuwa akianika kahawa alinishika mikono yote miwili na kunipa pole ya mke wangu, kana kwamba tulizika jana. Mbele kidogo mzee mmoja alinimiminia kiganjani punje za kahawa za kutafuna, kama apewavyo mgeni kule. Aliyesoma nami shule ya msingi alinisimulia upepo ulivyomng'olea bati. Nilipofika dukani nilisema, "Chumvi," nikabaki nimesimama. Betri nilizikumbuka kwa sababu niliziona.

Shemeji alitazama mfuko, akasikiliza habari za bati na za mama mwenye kahawa, kisha akasema, "Shemeji, tumekutuma mafuta umetuletea habari."

"Si ndiyo kazi aliyostaafu nayo, uandishi wa habari," kaka akadakia, na wote wawili wakacheka hadi mimi mwenyewe nikacheka.

Siku tatu nilizokaa kule niliandika viwili, vitatu, viwili. Usiku nilikuwa nikifikiria Mwanza. Niliporudi Kahororo nikapata vitano, siku zote zilizobaki.

Nilimpelekea mwanasaikolojia daftari. Alilisoma lote, akaweka kidole kwenye zile siku tatu.

"Mzee, hapa Bukoba, njiani huwa unaongea na nani?"

Nilipitisha njia yote kichwani, kutoka getini hadi meza ya dagaa, nikitafuta hata mtu mmoja. Mwisho nikamwambia ukweli, kwamba hakuna.

Alifunga daftari. Alisema vipimo vya siku ile ya kwanza vilikuwa vizuri, na hili daftari halionyeshi kasoro. Kule Kamachumu, kwa salamu zote zile njiani, hata yeye angerudi na viwili. Nikamuuliza, maharage je? Akaniuliza nilikuwa nawaza nini yalipokuwa yakiungua. Nikakumbuka kikombe kilichomo kabatini, nikachukua daftari langu nikaaga.

Nikiwa bado nje ya hospitali nilimpigia binti yangu. Nilimwambia kumbukumbu yangu ni nzima, sihitaji kuhama, naweza kuendelea kukaa peke yangu. Alifurahi sana. Aliuliza kama na mimi nimefurahi, nikasema ndiyo.

Asubuhi iliyofuata zoezi lilikuwa limekwisha, na hakuna aliyenituma kitu. Niliandika vitu vitano, nikaacha karatasi mezani, nikaenda sokoni. Nilirudi navyo vyote.